Kupanda na kutunza mdogwudi wa maua kwenye bustani ndogo

Bustani yenye nafasi ya mti mmoja tu inahitaji mti utakaopendeza mwaka mzima, na mdogwudi wa maua ni mmoja wa miti michache inayoweza kazi hiyo. Majira ya kuchipua yanapoanza, kabla majani hayajafunguka vizuri, matawi yake hufunikwa maua meupe, ya waridi au mekundu. Kiangazi hutoa kivuli chepesi. Majani yanapokaribia kupukutika hugeuka rangi ya damu ya mzee, na vishada vya matunda mekundu hubaki kwenye ncha za matawi hadi ndege wayamalize. Hata ukiwa mtupu wakati wa baridi bado una umbo la kutazamwa: matawi yamelala kwa tabaka, na gome la mti mkubwa limegawanyika vipande vidogo vya pembe nne.

Jina lake la kisayansi ni Cornus florida. Kwao ni misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kutoka kusini mwa Ontario na Maine hadi Florida na Texas, na jamii yake moja huota milimani mashariki mwa Mexico. Huko haukai peke yake uwanjani. Huishi kwenye kingo za msitu na chini ya mialoni na misonobari mirefu, mizizi yake ikiwa juujuu kwenye udongo laini uliojaa majani yaliyooza. Shika jambo hilo, kwa sababu karibu kila agizo lililo hapa chini limetoka humo. Wengi wanaopoteza mti huu huupoteza kwa kuutendea kama mti wa uwanjani: jua kali kutwa nzima, majani ya nyasi yaliyobanana hadi kwenye shina, na mashine ya kukatia nyasi inayoligonga shina kila wiki.

Kwanza, jiulize kama hali ya hewa inauruhusu

Mdogwudi unahitaji majira ya baridi ya kweli. Machipukizi yake hulala miezi ya baridi na hayaamki vizuri bila kupitia kipindi hicho, kwa hiyo mahali penye joto mwaka mzima si pake. Aina nyingi huvumilia baridi ya hadi nyuzi 29 chini ya sifuri zikiwa zimeshika ardhi, ingawa machipukizi ya maua huungua kwa baridi mapema kuliko ya majani. Ukiishi ukingoni kabisa mwa eneo la baridi kali, nunua mche uliokuzwa kutokana na miti ya upande huo wa kaskazini. Mche wa asili ya Florida hauna ukinzani sawa na wa Ontario, hata kama kwa macho yote miwili inafanana.

Upande wa ukubwa, mti mzima hufikia mita 5 hadi 9 kwenda juu, na upana wake hukaribiana na urefu. Hurefuka taratibu, kati ya sentimita 30 na 60 kwa mwaka ukiwa mchanga. Katika bustani ndogo upana ndio wa kuangalia zaidi, maana matawi hutanda kwa ulalo. Uweke angalau mita 3 kutoka ukuta wa nyumba, na ukiweza mita 4 au 5. Ukiubana ukutani utalazimika kuukata upande mmoja kila mwaka, na mdogwudi uliokatwa upande mmoja hupoteza kile hasa ulichoupandia.

Kuchagua aina

Hapa usiharakishe. Uamuzi wa dukani utakaa nawe miongo kadhaa.

Kwa maua meupe makubwa yanayotoka bila kusuasua, 'Cherokee Princess' imejijengea jina kwa muda mrefu. Kwa wekundu wa waridi, 'Cherokee Brave' ina nafuu nyingine: inastahimili ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe juu ya majani, kuliko ndugu zake wengi wenye rangi. Chuo Kikuu cha Tennessee kimetoa aina kadhaa zenye ukinzani wa ubwiriunga, zikiwemo 'Jean's Appalachian Snow' na 'Kay's Appalachian Mist'. Chuo hichohicho ndicho kilichotoa 'Appalachian Spring', iliyotokana na miti iliyookolewa katika hifadhi ya Catoctin Mountain huko Maryland, mahali ambapo chule, ugonjwa wa kuvu unaokausha majani na matawi, ulikuwa umeangamiza midogwudi mingi. Mti unaobaki hai katikati ya wenzake waliokufa una kitu ndani yake. Kama unaishi mahali penye ubaridi na unyevunyevu, hii ndiyo aina ya kuitafuta kwanza.

Kuna pia binamu yake wa Asia, Cornus kousa, unaotoka Japani, Korea na China. Huchanua wiki kadhaa baadaye, majani yakiwa yamekwisha kutoka, na maua yake yana ncha kali badala ya ule mbonyeo mdogo ulio kwenye ncha za ua la florida. Unastahimili magonjwa na jua zaidi, na matunda yake yanaliwa. Katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, mtafiti Elwin Orton aliizalisha miwili hii pamoja akapata machotara yenye nguvu kama 'Stellar Pink' na 'Constellation', yanayochanua katikati ya nyakati za wazazi wao. Machotara haya kwa kawaida hayazai matunda. Kwa anayetaka ndege bustanini hilo ni pengo. Kwa anayechukia matunda yanayoanguka kwenye sakafu ya kibaraza ni faida.

Maoni yangu: kama mahali pako panafaa, chukua florida. Kuchanua juu ya matawi matupu ni jambo ambalo kousa hauwezi kulifanya. Lakini kama bustani yako haina kivuli kabisa, au majirani wote wamepoteza midogwudi yao kwa chule, chukua chotara au kousa na usijisikie umepata cha pili.

Mahali: jua la asubuhi

Vitabu vingi husema mti huu unapenda kivuli cha nusu, halafu vinaishia hapo. Nusu ipi? Hilo ndilo swali, na jibu lake ni jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Sababu ziko mbili na zinavutana. Jua la mchana wa kiangazi huwa kali kwa majani yake: kingo hukauka na kuwa kahawia, hasa udongo ukipungukiwa maji, na mti uliodhoofika kwa kiu huvutia wadudu wa kupekecha shina. Kwa upande wa pili, kivuli kizito hupunguza maua na huacha umande kwenye majani hadi saa tano au sita mchana, na majani yaliyolowa muda mrefu ndiyo mlango wa kuvu. Jua la asubuhi hukausha umande mapema, huupa mti mwanga wa kutosha kuunda machipukizi ya maua, kisha huondoka kabla joto halijachoma.

Kabla ya kuchimba chochote, tazama eneo lako siku moja yenye jua, asubuhi, adhuhuri na alasiri, ukiweka alama kivuli kinapoishia. Fanya hivyo miti ya jirani ikiwa na majani, kwa maana kivuli cha mti mtupu kitakudanganya. Upande wa mashariki wa nyumba, au mashariki ya mti mrefu wenye majani mepesi, mara nyingi huwa mahali pazuri kuliko pote. Epuka bondeni ambako hewa baridi hutuama usiku. Epuka pia pembe iliyofungwa na kuta pande tatu, kwa kuwa upepo mwepesi unaopita kwenye majani ni kinga isiyogharimu kitu.

Zingatia na dirisha. Maua ya mdogwudi hutazama juu, na matawi ya mti mzima yakionekana kutoka ghorofani hupendeza kuliko yanavyoonekana ukiwa chini. Kama una chumba cha juu chenye dirisha upande unaofaa, panda mti mahali utakapoonekana kutoka hapo.

Kupima udongo

Mizizi ya mdogwudi ni ya juujuu na haivumilii maji yaliyotuama. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Kama kina cha maji kinashuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, panafaa. Kama baada ya saa kadhaa maji bado yamesimama, usipande hapo chini. Inua tuta pana la udongo mzuri, sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, upande juu yake, au tafuta kona nyingine.

Udongo unaofaa ni tifutifu, wenye mboji, na tindikali kidogo: pH kati ya 5.5 na 6.5. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi majani huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Angalia pia ulipo msingi wa nyumba, kwa sababu saruji na lipu iliyomwagika wakati wa ujenzi huacha chokaa ardhini kwa miaka. Kipimo cha pH ni rahisi, na ni bora ukijue leo kuliko kuanza kubahatisha baadaye kwa mbolea.

Kununua mche

Chagua mdogo. Mche wa mita 1 hadi 1.5 hushika ardhi upesi, na baada ya miaka michache huwa umeukuta ule mkubwa uliogharimu mara kadhaa zaidi. Tazama gome la shina kuanzia chini: lisiwe na kovu, ufa wala sehemu iliyobonyea. Uchomoe kwenye chungu kama muuzaji anaruhusu. Mizizi ikiwa imejizungusha ukutani mwa chungu na kuwa minene, uache.

Usichimbe mche msituni. Mbali na uharibifu unaouacha nyuma, mizizi yake imetawanyika mbali na nyingi itabaki ardhini, na unaweza kuuleta ugonjwa wa chule moja kwa moja mlangoni pako.

Kupanda

Wakati mzuri ni mwanzo wa majira ya kuchipua, au majira ya majani kupukutika mahali ambapo baridi si kali sana.

Tafuta kwanza pale shina linapoanza kutanuka na kuwa mizizi. Katika miche mingi ya vyungu sehemu hiyo imefukiwa chini ya sentimita kadhaa za udongo, na usipoifukua utaipanda ikiwa imezama bila kujua. Ondoa udongo wa juu kwa vidole mpaka uone shina linavyopanuka na mzizi wa kwanza mnene unavyochomoza. Huo ndio usawa wa ardhi wa mti wako, bila kujali udongo wa chungu uliishia wapi.

Chimba shimo lenye upana mara 2 au 3 ya donge la mizizi, na kina kisichozidi urefu wa donge hilo. Chini ya shimo usitifue, mti usije ukadidimia. Ondoa chungu, kamba, gunia na waya. Mizizi iliyojizungusha ikate au inyooshe kwa nje kwa mkono. Weka mti ili ule mtanuko wa shina uwe juu ya ardhi kwa sentimita 3 hivi. Udongo utashuka kidogo na kuuacha mahali sahihi. Upanzi wa kina kirefu huua midogwudi polepole: mti huchanua mwaka wa kwanza na wa pili kwa akiba yake, halafu huanza kukauka kutoka juu, na mwenye bustani hutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Rudisha udongo uleule uliouchimba. Mboji usiiweke shimoni. Shimo lililojazwa udongo laini peke yake katikati ya ardhi ngumu hushika maji, na mizizi hukaa humo bila kutoka nje. Jaza nusu, mwaga maji yashindilie udongo, kisha malizia. Usikanyage kwa mguu. Nguzo ya kuegemeza haihitajiki isipokuwa penye upepo mkali, na ikiwekwa, ifunge kwa kitambaa kipana na uiondoe baada ya mwaka mmoja.

Matandazo, maji na ulinzi wa shina

Ondoa nyasi zote kuzunguka mti, angalau mita 1 kila upande, na upanue duara hilo mti unavyokua. Tandaza maganda ya miti, majani yaliyooza au sindano za msonobari kwa unene wa sentimita 5 hadi 8. Acha nafasi ya sentimita 10 bila matandazo kuzunguka shina. Kurundika matandazo hadi juu ya shina ni desturi inayoonekana kila mahali na haina faida yoyote: gome hubaki na unyevu, huoza, na panya hujificha humo wakilitafuna.

Duara hili lina kazi tatu. Huzuia nyasi kunyang'anya maji ya mizizi ya juujuu, huupa udongo hali ya msituni, na huweka mashine ya kukata nyasi mbali. Hilo la tatu ndilo zito zaidi. Gome la mdogwudi mchanga ni jembamba, na uzi wa mashine ya kufyekea ukiligusa mara moja huacha jeraha. Kupitia jeraha kama hilo ndimo huingia kiwavi cha nondo mdogo mwenye mabawa angavu, Synanthedon scitula, ambaye hula chini ya gome na anaweza kulizunguka tawi au shina zima. Ukiona unga wa kahawia unatoka kwenye nyufa za gome, au gome linabanduka na tawi la juu yake linanyauka, fahamu yumo ndani. Unaweza kumfikia kwa waya mwembamba ukiwahi, lakini kinga iko kwenye lile duara.

Majani yanayopukutika kutoka kwenye mti wenye afya yaache yaozee hapohapo. Majani ya mdogwudi yana kalisi nyingi na huoza haraka kuliko ya mwaloni. Msituni mti huu husifiwa kwa kuurutubisha udongo kwa ajili ya mimea ya jirani. Kama mti una chule, fanya kinyume: kusanya kila jani na ulitoe nje ya bustani.

Maji: miaka miwili au mitatu ya kwanza, mti upate lita 20 hadi 40 kwa wiki kusipokuwa na mvua, kwa mara moja au mbili zenye kuzama chini. Ingiza kidole hadi kwenye udongo chini ya matandazo. Ukiwa na unyevu, subiri. Mwagilia ardhini na asubuhi. Maji yanayorushwa juu ya majani jioni ni mwaliko kwa kuvu. Mti mzima nao usiusahau kwenye ukame wa katikati ya kiangazi, kwa kuwa wakati huo ndipo unapoumba maua ya mwaka ujao.

Ukitaka mimea chini yake, panda mimea midogo ya kivuli kama kangaga, na uipande mwaka uleule uliopanda mti. Baadaye kila shimo utakalochimba litakata mizizi.

Mbolea

Mwaka wa kwanza usiweke kabisa. Baadaye, mboji iliyoiva ikitandazwa juu mara moja kwa mwaka hutosha kwa bustani nyingi. Naitrojeni nyingi huleta majani mengi mororo, maua machache, na ubwiriunga. Kama mti uko karibu na majani ya nyasi yanayowekewa mbolea, tayari unapata zaidi ya unachohitaji.

Kupogoa, na kusoma machipukizi

Mdogwudi hauhitaji kupogolewa sana. Ondoa matawi makavu, yaliyovunjika na yanayosuguana. Matawi ya chini usiyakate kwa haraka ili kupata njia ya kupita. Yale yaliyolala karibu na ardhi ndiyo yanayolipa shina kivuli na kuupa mti umbo lake.

Pogoa mara tu baada ya maua kukauka. Machipukizi ya maua huanza kuundwa kiangazi kwa ajili ya mwaka unaofuata, na ukipogoa baada ya hapo unakata maua ambayo hujayaona. Aina hii ya kosa ni rahisi kuiepuka ukijifunza kuyatambua machipukizi. Chukua tawi jembamba mwishoni mwa majira ya kupukutika, majani yakiwa yamedondoka. Chipukizi la jani ni jembamba, limechongoka na limebana kwenye tawi. La ua liko nchani, limevimba na kubonyea kidogo juu kama kitunguu kidogo kilichosimama kwenye kikonyo chake, na ngozi yake ni ya kijivu kama vumbi. Ndani yake mna ua zima. Lile tunaloliona kama petali nne kwa kweli ni majani maalumu manne, ambayo wakati wa baridi yalikuwa kifuniko cha chipukizi hilo. Yakipata joto hutanuka na kupata rangi. Mbonyeo ulio kwenye ncha ya kila moja ni pale kingo zilipokuwa zimefungamana. Maua yenyewe ni yale madogo ya kijani na njano yaliyosongamana katikati.

Ukihesabu machipukizi ya aina hii ungali kwenye baridi, utajua mapema mwaka unaokuja utakuwaje.

Magonjwa

Chule inayosababishwa na kuvu Discula destructiva ndiyo inayostahili hofu. Iliripotiwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika majimbo ya New York na Connecticut, kisha ikashuka kufuata milima ya Appalachia na kuua midogwudi ya porini kwa wingi. Huanza na mabaka ya hudhurungi kwenye majani, yenye ukingo wa zambarau. Kisha majani hufa na kuning'inia kwenye matawi badala ya kudondoka. Matawi ya chini hukauka kwanza, na ugonjwa hupanda. Mti hujitetea kwa kutoa vichipukizi vingi laini kwenye shina, navyo huugua, na kupitia hivyo kuvu huingia shinani na kutengeneza vidonda. Kwa hiyo vichipukizi vya shinani viondoe kila uvionapo, kwenye siku kavu, na kata matawi yaliyougua hadi kwenye sehemu yenye afya, ukifuta makasi kwa spiriti kila baada ya mkato.

Kuna chule nyingine, ya Elsinoe corni, inayotapakaza vidoa vidogo vya zambarau kwenye maua na majani majira yakiwa na mvua nyingi. Inaudhi macho, na haiui. Usiichanganye na ile ya kwanza ukaanza kung'oa mti bure.

Ubwiriunga huonekana kiangazi: unga mweupe juu ya majani machanga, ambayo hujikunja na kudumaa. Mti mkubwa hauufi kwa huo, ila mche hupungua nguvu mwaka hadi mwaka.

Dawa za kuvu zipo, na hufanya kazi kama kinga: hupulizwa machipukizi yanapofunguka na kurudiwa kufuatana na maelekezo ya lebo, kabla majani hayajaugua. Kwa mti mmoja mdogo inawezekana. Hata hivyo, ukijikuta unapuliza kila mwaka ili mti uishi tu, tatizo liko kwenye mahali au aina, na chupa haitalitatua.

Mti mzima wenye majani mazuri na usio na maua

Anza na umri. Mche uliotokana na mbegu huweza kuchukua miaka 5 hadi 7, na zaidi, kabla ya ua la kwanza; uliobebeshwa, yaani ulioungwa juu ya mche mwingine, huwahi. Ukiwa na umri wa kutosha, tazama kivuli kimeongezeka kiasi gani tangu upande, maana miti ya jirani nayo inakua. Kisha naitrojeni, kisha tarehe uliyopogoa, kisha ukame wa kiangazi kilichopita. Kama machipukizi ya maua yalikuwepo na hayakufunguka, pasua moja kwa wembe: likiwa kahawia ndani, baridi ililiua.

Matunda na mbegu

Matunda ni machungu na si chakula cha binadamu, bali ndege huyapenda kwa mafuta yake. Mti mmoja haujichavushi vizuri, kwa hiyo matunda mengi hupatikana ukiwepo mdogwudi mwingine wa aina tofauti jirani. Katika mtaa wa bustani ndogo mti wa jirani hutosha, nyuki hawajui uzio.

Ukitaka kukuza kutoka mbegu, chuma matunda yaliyoiva vizuri kabla ndege hawajakutangulia. Yaloweke, sugua nyama yote itoke, na tupa mbegu zinazoelea. Zilizozama zichanganye na mchanga wenye unyevu kidogo, zifunge kwenye mfuko, na uziweke kwenye jokofu kwenye nyuzi 4 au 5 kwa siku 90 hadi 120. Kagua mara kwa mara kama kuna ukungu au mbegu inayoanza kuchipua. Kisha zipande kina cha sentimita 1 hivi kwenye vyungu vyenye udongo tifutifu, kivulini. Au zipande nje kabla ya baridi, chini ya waya wa kuzuia panya, na uiachie baridi yenyewe kazi hiyo.

Miche ya mbegu haitafanana na mama. Mbegu ya mti wenye maua ya waridi huweza kuleta wenye maua meupe, ndiyo maana aina zenye majina hubebeshwa kikonyo mwishoni mwa kiangazi juu ya mche wa kawaida. Mche unapochipua, hakikisha ni wenyewe: majani hukaa mawilimawili yakitazamana, na mishipa yake hupinda kufuata ukingo wa jani hadi nchani. Chukua jani moja, likate kwa ulalo polepole kwa vidole na uvitenganishe vipande viwili kidogo. Kwa mdogwudi, nyuzi nyembamba nyeupe zitatoka kwenye mishipa na kushikilia kipande cha chini kikining'inia.